Kipimo cha Baruti Alichonifundisha Baba

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo naikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ilikuwa Jumamosi, mvua nyembamba ya hapa Birmingham imekatika asubuhi, na baba yangu mzazi, aliyekuwa amenyamaza tangu afike nchi hii, alifungua kinywa kunikemea. Wewe nisikilize tu. Hata ukinijibu kwa Kiingereza chako, sitakasirika.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili, nami nilikuwa na umri kama wako. Tulikaa mtaa wa Castle Vale, ghorofani. Mimi nilitangulia kuja kutoka kambi ya wakimbizi Kigoma, nikapata kazi kwenye kiwanda cha mikate upande wa Erdington. Baba alifuata baadaye, peke yake. Mama alikuwa amefia kambini, na kaka zangu wawili, Elia na Yona, walibaki kwenye vita kule kwetu Fizi, ng'ambo ya ziwa. Hata makaburi yao hatuyajui. Baba alivua koti, akakaa kwenye kiti cha dirishani, na hapo ndipo alipohamia. Alikula nilichompa. Tulipoomba, aliinamisha kichwa. Nikimwuliza anaumwa wapi, anatikisa tu kichwa. Daktari alimpima akasema mwili ni mzima. Wamama wa kanisani walikuja na sombe, mboga yetu ya majani ya mhogo, na maombi. Akawashukuru kwa macho, akarudi dirishani.

Sasa ujue, babu yako huyo alikuwa mwindaji. Aliwinda kwa gobore, bunduki ya zamani inayojazwa mdomoni: unamimina baruti, unatia risasi ya duara, unaisukuma hadi chini kwa fimbo ndefu iitwayo mdeki. Ukishapiga mara moja, umemaliza. Mpaka ujaze tena, mnyama ameshavuka mlima. Kazi hiyo aliwafundisha kaka zangu. Mimi alinirudisha jikoni kwa Mama, maana kwetu binti hakushika bunduki.

Kazini kulikuwa na mzee mmoja Mwingereza, Keith, fundi wa mashine. Wakati wa chai akanionyesha picha: yeye na wenzake wamesimama uwanjani, moshi umewazunguka, wameshika magobore. Nilidhani ananitania. Kumbe huku wapo watu wazima wanaoyapenda, wana klabu yao nje ya mji, wanalenga karatasi tu. Nikamwambia, "Baba yangu alitulisha kwa bunduki kama hiyo."

Keith akaweka kikombe chini. "Mlete," akasema. "Jumamosi tunapokea wageni."

Baba hakuuliza tunakwenda wapi. Aliingia kwenye gari la Keith kama mtu aliyezoea kupelekwa. Lakini tulipofika, harufu ya baruti ikamfikia, akasimama. Mbele yetu, mbali kidogo, palikuwa na karatasi kubwa iliyochorwa kulungu amesimama ubavu. Keith akampa Baba bunduki kwa mikono miwili, kwa heshima. Baba akatazama vidole vyake vinavyotetemeka, akatikisa kichwa, akaketi kwenye benchi.

Basi nikaichukua mimi. Keith akanijazia, akanionyesha namna ya kukaza kitako cha bunduki begani. Risasi ya kwanza ikatoboa kona ya karatasi, ya pili ikaenda kona nyingine. Nikaomba baruti iongezwe, maana niliamini nguvu ikizidi, risasi itanyooka. Keith akasita, kisha akaongeza kidogo, kiasi ambacho bunduki ile iliweza kubeba. Ikanipiga bega kama teke la punda. Moshi ulipoondoka, tukaona tundu kwenye mguu wa nyuma wa yule kulungu. Nikacheka.

"Unacheka nini?"

Ilikuwa sauti ya Baba. Alikuwa amesimama nyuma yangu.

"Umemuvunja muguu," akasema. "Sasa atakimbia nao mupaka afie mahali hatumuone. Na weye unacheka."

"Ni karatasi, Baba."

"Mukono haujue karatasi, mama. Mukono unajua tu kile umeufundisha."

Kwetu baba humwita binti yake mama, na mimi sikuwa nimeitwa hivyo kwa miaka mingi. Akaniambia nimwombe Keith kipimo cha baruti, kile kikombe kidogo cha shaba. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka, na Baba alianza hapo hapo. Akapunguza baruti, chini hata ya ile niliyoanza nayo, akasawazisha juu kwa ukucha. "Piga na hii," akasema, "mara ya kwanza, mara ya pili, mara ya tatu. Usibadilishe kitu. Tutaangalia risasi zinapenda kukaa wapi."

Zikakaa chini, lakini zimekaribiana. Akafurahi, mimi nikashangaa, maana hata moja haikufika pale nilipolenga. Akanieleza kwamba risasi zinazokaa pamoja mahali pabaya ni afadhali kuliko moja iliyobahatisha mahali pazuri. Zilizo pamoja unaweza kuziongoza. Akaongeza baruti kidogo sana, tukapiga tena. Kisha akaiacha baruti hiyo hiyo, akabadilisha kitambaa kinachofunika risasi, akachagua kizito zaidi kilichobana vizuri. Kila mara kitu kimoja tu, mwanangu; ukibadilisha viwili, hutajua kipi kimekusaidia. Baada ya kila mlipuko alinifanya nipitishe kitambaa chenye unyevu ndani ya mtutu, kwa sababu masizi yakijaa, risasi ya tano haipiti njia ya risasi ya kwanza. Na mdeki niusukume kwa uzito ule ule, hadi risasi ikae juu ya baruti bila nafasi, lakini nisiitwange kama mhogo. Nilimtafsiria Keith, naye akaitikia kwa kichwa na kusema baba yake mwenyewe alimfundisha hivyo hivyo.

Mwenda pole hajikwai. Mchana ukapita hivyo. Baba alikuwa anafuta mtutu, mgongo umeinama, ndipo akasema kama anajisemea:

"Elia naye alipenda baruti mingi. Nilimuambiaka kila siku."

Hakuwa amelitaja jina hilo tangu vita. Mimi nilikuwa na risasi mkononi na sikuweza kuitia. Machozi yalinitoka, na Baba akayaona. Hakusema nyamaza. Aliweka kiganja chake mgongoni pangu, akakiacha hapo mpaka nikaweza kujaza.

"Pumua," akasema. "Nyuma ya bega lake, pale moyo unakaa. Na ukishapiga, usiinue kichwa. Baruti haijamaliza kazi yake."

Nikapiga. Tukangoja moshi. Tundu lilikuwa nyuma ya bega, na nilipopiga tena, la pili likaja kando yake.

"Uyu amelala pale pale," Baba akasema. "Hakusikia hata maumivu."

Njiani kurudi alizungumza bila kukoma: Elia alivyokuwa mtundu, Yona alivyoogopa mlio wa bunduki lakini akamfuata kaka yake porini kwa sababu ya upendo. Tulipofika Castle Vale hakuwa amemaliza. Keith akazima injini, akangoja kwenye usukani, ingawa hakuelewa neno hata moja. Baba aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Hakupiga bunduki tena kamwe, ila kila klabu ilipopokea wageni alikwenda, akakaa kwenye benchi akiwapimia vijana baruti kwa macho. Alifariki kitandani mwake, akitaja watoto wake wote watatu.

Basi hii ndiyo nasaha yangu. Jambo likikukataa, usikimbilie kuongeza nguvu, wala sauti, wala maneno. Punguza, tulia, ujue kipimo kinachokufaa wewe. Ukikipata, kishike. Usilenge kiumbe usiyeweza kummaliza bila kumtesa. Sogea karibu au mwache aende, na hivyo hivyo kwa watu, maana neno lililokosa shabaha nalo huvunja mguu. Na ukiwa na mzee nyumbani aliyenyamaza, usimwulize tu anaumwa wapi. Mtafutie kitu ambacho mikono yake inakijua, kisha ukubali kufundishwa.

Mungu wa baba zangu akutulize mkono, mwanangu, akulainishie ulimi. Akupe nyumba isiyokosa mtu wa kukuita kwa upendo, na siku zako ziwe nyingi kuliko zangu. Amina.