Trekta Namba Saba Siku ya Nikahi Yangu

Jamani, hii habari mitaa ya Gongo la Mboto wanaisimulia bila kuniomba ruhusa, kwa hiyo bora niiseme mwenyewe, aibu ni yangu na nimeshaizoea.

Mie nafanya kazi uwanja wa ndege, navuta mizigo kwa trekta. Siku ya nikahi yangu niliingia zamu ya asubuhi (msinicheke, nilibadilishana na mwenzangu ili nipate siku za fungate), na saa saba hivi trekta namba saba likaanza vituko, nakanyaga breki lenyewe linaenda tu, nikalipaki polepole nikasema nitamwambia Rehema. Rehema ndiye anayenipokea mchana, dada mkali, hataki kuachiwa karatasi tu, anataka mkae uso kwa uso umweleze kila kitu. Saa nane ikafika, Rehema bado yuko njiani na kanzu inanisubiri nyumbani. Nikaona dakika kumi za kumngoja ni nyingi. Nikatundika ufunguo ubaoni pamoja na nyingine, hata ule utepe mwekundu wa gari bovu sikuufunga, nikaondoka napiga mluzi.

Alasiri nimekaa mkekani kwa wakwe, shehe mbele yangu, kipaza sauti katikati yetu, spika mbili zimeelekezwa barabarani. Shehe anataka kuanza, ndege ikapita juu ya bati (kwetu zinapita chini kweli), akanyamaza ipite. Mie kwa mazoea nikawaza, hiyo inatua, Rehema anaifuata mizigo yake. Kwa trekta lipi? Nikamwona akilini anaielekea ndege imejaa watu, anakanyaga breki, hakuna kitu.

"Nimekuozesha Mwanaidi binti Salumu kwa mahari mliyopatana. Umekubali?"

"Halina breki!"

Mtaa mzima ulisikia. Shehe akavua miwani. Mama mmoja huko ndani akauliza, "Kitu gani hakina breki, ndoa?"

"Trekta! Simu yangu, jamani!"

Baba mkwe alishasimama. Mpambe wangu akaitoa simu mfukoni, aliizima mlio, Rehema kapiga mara kumi na moja. Nikampigia, nikaweka sauti ya juu, na kipaza sauti kiko palepale.

"Rehema, namba saba usiiguse!"

"Niiguse vipi na hujanikabidhi? Nimeazima trekta la wenzetu, funguo zako zote nimezikalia. Haya, kabidhi."

"Dada, niko kwenye nikahi."

"Na mie niko kazini. Anza na namba saba."

Basi nikakabidhi mbele ya shehe na wakwe: breki mbovu tangu saa saba, lipo nyuma ya banda, fundi hajaambiwa, utepe sikufunga. Machozi yananitoka, watu wakadhani ni ya harusi, kumbe namshukuru Mungu kwa ukali wa yule dada.

"Nimepokea," akasema. "Sasa kaoe."

Shehe akarudisha miwani. "Kuna kingine cha kukabidhi, au tuendelee?"

Nilioa, nikachekwa wiki nzima. Lakini Rehema ana watoto watatu, na jioni ile walimwona mama yao anaingia nyumbani mzima, si kwa sababu yangu. Toka hapo siondoki mpaka aje, hata akichelewa saa nzima namngoja kwa moyo mweupe. Mwanaidi naye halalamiki chakula kikipoa. Ananizuia tu mlangoni, mkono kiunoni: "Umekabidhi?" Nikisema ndiyo, ananipisha.