Aliyeshika Ngazi

Mpaka leo nikipita kwenye kituo cha magari cha Bunia, kile ambacho kila mtu anakiita parkingi, macho yangu yanapanda yenyewe juu ya paa la ukumbi wa abiria wa Kasenyi, kule ziwani. Sipendi. Ninajiambia nitazame mbele, ninunue ndizi zangu, niende nyumbani, lakini shingo haisikii. Watu wanadhani ninaangalia kama mvua inakuja.

Nilifundishwa kazi pale pale. Kituo kilipokwisha kujengwa, wakubwa waligundua kuwa hakuna wa kukitunza: vyoo vitaziba, taa za jua zitakufa, mabati yataachia misumari, na baada ya misimu michache tutarudia uchafu wetu wa zamani. Basi wakaita watu wa mjini wafundishwe kukarabati. Wanaume walijaa. Wanawake tulikuwa wawili tu, mimi na jirani yangu wa mtaa wa Saio, na yeye alikuja kwa sababu nilimburuta.

Nilipohamia Bunia kutoka upande wa Butembo, na mume wangu na watoto, yeye ndiye aliyenipokea mtaani. Alinionyesha kisima ambacho maji yake hayana tope, na mama gani wa sokoni haibi kwenye kipimo. Mume wake alikuwa amekwenda machimbo ya Kilo kuchimba dhahabu, na habari zake zikaishia huko. Aliniita yaya, yaani dada mkubwa, maana nilimzidi umri kidogo, nami nikamchukua kama mdogo wangu wa tumbo moja. Nikipika sombe, yale majani ya muhogo, nusu ya sufuria ilivuka uzio kwenda kwake. Nilimpenda kijinga, na sioni haya kusema hivyo.

Mwalimu wetu alikuwa mtu mkavu, fundi wa ujenzi tangu ujana, na alikuwa na sheria moja aliyoipenda nadhani kuliko mke wake. Kazi ya paa ni ya watu wawili, binome, mmoja juu, mmoja chini. Wa chini anakanyaga kidato cha kwanza cha ngazi kwa uzito wake wote, kwa sababu sakafu ya kituo ni sementi laini na ngazi inateleza. Wa juu, kabla ya kuweka mguu ili ashuke, anauliza: "Uko?" Wa chini anajibu: "Niko." Usipojibiwa, huweki mguu. Jua likuchome, haja ikubane, unakaa pale ulipo. Alitupandisha na kutushusha, uko, niko, uko, niko, mpaka wauza mandazi wa nje wakawa wanasalimiana hivyo kwa kututania.

Mwenzangu wa binome, yule jirani yangu, aliogopa urefu. Vidato vichache tu, alikumbatia ngazi akakataa kuendelea. Ilikuwa siri yetu. Mwalimu akigeuka, nilipanda zamu yangu na ya kwake, na ndani ya zile ovaroli za salopeti na kofia ngumu za kaske, kwa mbali hukujua nani ni nani. Wala sikuona ni mzigo. Nilipenda kule juu. Uliona barabara inavyoteremka kwenda ziwani, uliona malori yenye samaki yakipanda kwa shida, na hakuna aliyekuita uje kutafuta soksi yake. Nilikuwa mama mzima mwenye nyundo, na nilifurahi kama ambavyo sikuwahi kufurahi tangu nifike mji huu.

Tuliambiwa kuwa mwisho wa mafunzo binome moja itabaki na kazi ya kutunza kituo, kazi ya kudumu. Niliitaka kazi hiyo kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka. Na tulijua ni yetu, maana wenzetu wengine walikuwa wakigombana kutwa kama mbuzi kwenye lori. Tukanunua kitenge kimoja, tukakikata nusu kwa nusu, kila mmoja akashona nguo ya siku ya kufunga mafunzo. Yangu ilikuwa imetundikwa ukutani siku nyingi kabla ya mtihani, na mume wangu alinicheka kila alipopita mbele yake.

Jambo ambalo sikulijua ni kwamba wakubwa walikuwa wamebadili maneno. Hawatachukua binome, watachukua mtu mmoja tu. Mwenzangu alikuwa na ndugu aliyefagia ofisi, akamnong'oneza. Jioni ile alikuja kwangu kama kawaida, akala bugali yangu, akala sombe yangu, akaniambia kesho tutashinda, yaya. Sikuona kitu usoni mwake, na nimeurudia uso ule kichwani mara nyingi nikitafuta.

Siku ya mtihani tulipewa paa la ukumbi wa abiria wa Kasenyi. Nilipanda, nikakaza mabati yaliyolegea, nikabadilisha misumari iliyoliwa na kutu, nikasafisha mifereji. Nilimaliza wakati watu wa juri, wale wa kutupima, bado wako vyooni na binome nyingine. Nikasogea ukingoni, nikauliza: "Uko?"

Kimya. Nikadhani honi za magari zimeimeza sauti yangu, nikauliza tena kwa nguvu. Hapo nikasikia sauti yake chini ya ukingo, karibu kabisa, akizungumza na wanafunzi waliokuja kutafuta ngazi.

"Muchukue tu," aliwaambia. "Yaya alisha shuka. Alienda kuangalia mutoto, mutoto iko na homa."

Nikaona vichwa viwili vya ngazi vikiachana na paa.

Mwanangu hakuwa na homa. Asubuhi ile mwenzangu mwenyewe alikuwa amembeba mgongoni mpaka kwa bibi yake.

Watu huniuliza kwa nini sikupiga kelele hapo hapo. Ninawajibu kwa hasira, kwa sababu jibu linaniuma. Nilikaa kwa sababu sikujibiwa, na usipojibiwa hutoki ulipo, ndivyo tulivyofundishwa. Na nilikaa kwa sababu nilikuwa bado ninamtetea. Kule juu, bati likinichoma makalio, nilikuwa ninamtafutia sababu: labda ameitwa, labda anarudi, labda nimesikia vibaya. Mtu wangu hawezi kunifanyia hivi.

Halafu juri ikafika chini yangu. Nikamsikia anawaeleza kazi, bati gani lililegea, misumari gani ilibadilishwa na kwa nini, kwa maneno niliyokuwa nikimwambia usiku wa kuamkia mtihani ili asikwame. Wakamuuliza mwenzake yuko wapi. Mtoto ana homa, akasema. Wakamuuliza kama basi paa lote amelifanya peke yake.

"Ndiyo," akajibu.

Nikapiga bati kwa nyundo. Nikapiga tena na tena. Akawaambia ni binome ya upande wa pili inafanya kazi, wakacheka kidogo, wakaendelea na safari yao. Sauti yangu ilipokuja kutoka ilikuwa imechelewa. Walionisikia ni madereva, na madereva wakisikia mwanamke analia juu ya paa hawaulizi kwanza, wanacheka kwanza. Mmoja wao ndiye aliyeniletea ngazi.

Nilimfuata mwalimu, nikamwambia yote. Alinisikiliza akitazama viatu vyake, kisha akasema juri imeshampa mwenzangu kazi na imeshaondoka. Sheria yake yote ile, na hakuuliza mtu aliyefanya paa peke yake nani alimshikia ngazi. Niligeuka nikamwacha na viatu vyake.

Jioni nikamkuta mwenzangu kwenye uzio. Nilikuwa nimejaza maneno kinywani, lakini akanitangulia.

"Weye uko na bwana, yaya," alisema. "Miye niko na nani?"

Swali hilo nalo nilimchukia kwalo. Angeniomba ile kazi, ningempa? Sijui. Nimejiuliza mara nyingi na sijui, na sitajua kamwe, kwa kuwa hakuniomba. Nguo ya kitenge niliichana vitambaa vya kushikia sufuria. Mume wangu hakucheka tena.

Siku hizi ninatengeneza paa za watu hapa Saio, mume wangu akiwa na nafasi ananishikia ngazi. Riziki inapatikana. Msimu huu wa mvua, asubuhi moja, nikamwona mwenzangu yule kwenye uzio wangu, mahali pale pale alipokuwa akisimama zamani. Alikuwa amekonda. Ukumbi wa abiria unavuja, akaniambia, maji yanawaangukia watu na mizigo yao, na mkubwa wake amemwambia autengeneze kabla ya Jumatatu au aache kazi. Watu aliowaomba wapande wamemkatalia. Yeye mwenyewe hapandi, hilo nilikuwa ninalijua.

Mume wangu alinitazama, akajua nitakwenda, akatikisa kichwa. Msinisifu. Sikwenda kwa huruma, wala sikuwa nimesamehe. Nilikuwa ninalitaka paa lile.

Ukumbi ulikuwa umejaa akina mama wa samaki waliojibanza upande mkavu. Nikaegemeza ngazi, nikapanda. Nikafanya kazi bila haraka, nikaangalia barabara inavyoteremka kwenda ziwani, nikaangalia malori. Nilipomaliza nikasogea ukingoni, nikachungulia chini.

Alikuwa amesimama kwenye kidato cha kwanza kwa uzito wake wote, mikono miwili imekaza mbao za ngazi, uso juu, ananingoja. Alikuwa ameishika vizuri kabisa, kama tulivyofundishwa. Hapo ndipo hasira yote iliponirudia upya, kwa maana hakuwa amesahau hata kitu kimoja.

"Niko, yaya," alisema kabla sijauliza.

Nikamwambia atoke kwenye ngazi. Hakuelewa, au hakutaka kuelewa, nikarudia kwa sauti ambayo ukumbi wote ulisikia. Akashuka kidato kile taratibu, akarudi nyuma, mikono haina pa kwenda.

Karibu yake alikuwa ameketi mama mmoja mnene wa Kasenyi juu ya kapu lake, mtu ambaye sijawahi kumwona maishani. Nikamwomba anishikie ngazi, akanyage pale chini. Aliinuka akiguna, akafuta magamba ya samaki kwenye kikwembe alichojifunga kiunoni, akakanyaga.

"Uko?" nikamuuliza.

Akashangaa swali lenyewe. "Niko, mama," akasema. "Si unaniona?"

Nikaweka mguu, nikashuka.