Kabureta ya Pampu ya Mama

Miche ya kabichi ya mama ilikuwa na siku tatu shambani, kijijini kwetu Kate, pampu yetu kuukuu ya kumwagilia, ya petroli, ilipoanza kunguruma na kufifia, kunguruma na kufifia, kisha ikazima kabisa. Upepo wa Agosti huku Ufipa haungojei mtu. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo na sina kazi, kwa hiyo pampu ikawa yangu.

Nilisoma kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Nilishuku petroli, nikashuku plagi, nikashuku hata mwinuko wa uwanda wetu. Nilifungua kabureta mara nne, na mara ya nne nikachokonoa kwa pini kitundu cha kile kijipande cha shaba kinachopitisha petroli. Siku ya pili mama aliitazama miche iliyoanza kulala, akanitazama na mimi.

"Ipeleke Chala."

Fundi wa Chala ni mtu wa rika la baba yangu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Nani kaifungua hii?"

"Mimi."

"Umesomea mashine?"

"Takwimu."

"Basi nihesabie skrubu, naona moja haipo."

Wateja wawili kwenye benchi wakacheka.

Hakufungua kitu. Alivuta kamba, pampu ikawaka kwa kukohoa, akadondosha petroli kidogo pembeni mwa kabureta, pale kinapoingia kijiti cha kuongezea kasi ya injini. Mngurumo ukatulia palepale, kisha ukayumba tena.

"Inavuta hewa ya wizi hapa. Kijiti kimekula tundu lake."

Siku mbili za mawazo yangu, yeye tone moja.

Alikata kipande cha shaba kutoka kwenye koki mbovu ya maji, akakitoboa, akaanza kukipiga tupa kiwe bushi, kipete cha kukikaza kijiti kwenye tundu lake. Hakupima kwa kifaa chochote. Alichomeka kijiti, akakizungusha kwa kidole kimoja akiwa amefumba macho, akachomoa, akapiga tupa mara mbili tu, akarudia. Sijawahi kuona mtu akiwa na hakika namna ile.

Mimi nilikuwa nawaza pini. Nikisema, benchi litacheka tena. Nisiposema, miche itakufa.

"Fundi, kile kitundu nilikichokonoa. Kwa pini."

Benchi lilicheka kweli. Yeye alifungua kabureta, akakitoa kile kijipande, akakiinua kwenye jua na kukichungulia kwa jicho moja.

"Umekipanua. Ungenyamaza, ningeilaumu bushi yangu mpaka kesho." Akapekua kopo lake, akatoa kingine. "Hiki unakipuliza kwa mdomo, msomi. Kikigoma, unyasi wa fagio. Chuma, hapana."

Alasiri ile, shambani, pampu iliwaka kwa mvuto mmoja wa kamba. Nilichuchumaa kando yake nikisubiri iyumbe, nikiwa nimeshaandaa maelezo.

"We!" mama akapaza sauti kutoka matutani. "Unailinda isitoroke? Njoo ushike mpira wa maji!"

Mstari wa juu wa miche haukuinuka tena. Mingine yote, kesho yake asubuhi, ilikuwa imesimamisha majani.