Chini ya Piste

Wanaotaka kucheza, wacheze. Zaïre nzima inacheza siku hizi. Lakini ile siku nilimusindikiza maman Godelive, jirani yangu wa Bagira, kwenye ile usine, kiwanda cha sabuni cha zamani, hasira ilinishika, na mpaka leo haijaisha.

Bwana yake, Grégoire, alikuwa mufundi wa pale. Mu vita ya mamercenaires, wale askari wa kukodiwa, mwaka wa sitini na saba, risasi ilimukuta uani mwa usine. Njia ya makaburi ilikuwa imefungwa, basi wenzake wakamuzika palepale, karibu na cheminée, ule munara wa moshi. Godelive akabaki na mutoto mumoja, Stanislas, akamulea kwa kuuza ndizi. Kila Toussaint, sikukuu ya Watakatifu Wote, mulinzi alikuwa anamufungulia mulango aweke maua. Halafu muzungu mwenye usine akanyanganywa, ikapewa mwananchi moja mwenye cheo, mashine zikauzwa kama vyuma, mulango ukapigwa kufuli. Miaka ikapita.

Sasa Stanislas anataka kuoa. Na kwao, ng'ombe za mahari hazitoke kama baba hajaambiwa. Kama ameshakufa, wanamupelekea kasigisi, pombe yetu ya ndizi, wanaimwanga kwenye kaburi, udongo unaikunywa. Wazee wa ukoo walimwambia Godelive waziwazi: "Bila hiyo, ile ndoa hatuitie mukono."

Siku ya posho, ndiyo Jumamosi, mchana, tukashuka mjini. Kibuyu cha kasigisi Godelive alikifunga mugongoni na kitenge kama mutoto.

Mungu wangu, ule mutaa ulivyogeuka! Depot ya mafuta ya mawese imekuwa cinéma. Mu garage ya malori, orchestre inafanya répétition, magitaa yanalia. Mahali wamaman walikuwa wanakata sabuni, watu wanakaanga sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, na kuuza bia. Ukuta mzima wamechora mabinti wanaocheza.

"Ni hapa kweli?" Godelive akaniuliza.

Cheminée ndiyo ilituonyesha, wameipaka rangi nyekundu. Pale chini, mahali pa kaburi, hapakuwa tena udongo. Ilikuwa sima, ile saruji, laini, inang'aa. Piste ya kuchezea.

Mwenye bar, kijana ndani ya abacost, ile suti ya bila tai, hakuwa mutu mubaya. Alisikiliza habari yetu mpaka mwisho, akavua kofia.

"Maman, naapa, hakuna mutu aliniambia. Lakini nitavunja piste namna gani? Wewe mwanga tu hapo juu, atasikia."

"Na wewe," nikamurukia, "baba yako utamumwangia bia juu ya meza?"

Godelive akanifinya mukono. Akavua viatu, akapiga magoti mu katikati ya ile piste, watu wanamuangalia na chupa zao mukononi.

"Grégoire, mutoto wako anataka kuoa. Binti anaitwa Colombe, wa Katana, ana heshima. Usinikasirikie, mume wangu. Walikufungia ndani."

Akamwanga. Kasigisi haikuingia. Ikatandaa juu ya sima, ikakaa pale, nzi zikaanza kuja.

Mara binti moja wa bar akaja mbio na kitambaa. "Pole, maman, imekumwangikia? Usijali." Na akapanguza yote, mpaka pakakauka, kabla sijafungua mudomo.

Nilitaka kumupiga kofi, sifiche. Lakini Godelive akanyoosha mukono.

"Nipe hiyo kitambaa, mutoto wangu."

Binti akamupa, ameogopa. Godelive akatembea pekupeku mpaka chini ya cheminée, mahali sima ilikuwa imepasuka na majani kidogo yanatoka. Akaminya ile kitambaa kwa mikono yote mbili, akaminya mpaka tone la mwisho. Udongo ukakunywa.

Alikaa pale muda, mukono juu ya yale majani. Orchestre ilikuwa imenyamaza, sijui nani aliwaambia.

"Amepokea," akaniambia, machozi yanamutoka. "Twende tuambie wazee, ng'ombe zitoke."