Shaba Niliyoigonga kwa Mchi

Itazame mikono yangu hii, mwanangu. Imetulia sasa kwa sababu ya uzee, si kwa sababu ya akili. Nakumbuka asubuhi moja, siku zile Katanga ilipojitenga na kupandisha bendera yake yenye misalaba ya shaba, mikono hii nusura inizalishe katikati ya barabara. Kaa nikusimulie, wewe unayezunguka nyumba tangu juzi kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Mji huu ulikuwa bado unaitwa Elisabethville. Nilikuwa na mimba yangu ya kwanza, kubwa, imeshashuka. Kwetu mtoto wa kwanza hupokelewa na mama mzazi wa mke, na binti wa kwanza huchukua jina lake. Mama yangu alikuwa Kipushi, alikobaki baada ya kufariki baba, aliyechimba na kuyeyusha shaba maisha yake yote. Zamani ungepanda basi asubuhi, na mchana unakula bukari, ugali wetu, kwa mama. Lakini mabasi yalikuwa yamesimama. Bunduki zililia leo upande huu, kesho upande ule. Na kwa miguu, na tumbo lile, nisingefika hata nusu ya njia.

Mume wangu Mwamba, babu yako, alikuwa na pikipiki. Sisi tuliiita tukutuku. Ilikuwa kuukuu, injini yake ndogo, imeachwa na mzungu aliyekimbilia Rhodesia. Tuliikuta bandani kuku wamelala juu yake. Mwamba aliifufua bila pesa. Bomba la moshi alilitengeneza kwa bomba la maji. Spoku zilitoka kwenye kinga ya jirani, baiskeli iliyokuwa imekanyagwa na lori. Mnyororo aliupata kwa kutoa koti lake la harusi, na sikulia, ingawa lile koti nililipenda kuliko hata yeye mwenyewe siku nyingine.

Kila kukicha nilimuuliza, "Leo itawaka?"

"Bado."

"Bado mpaka lini? Mpaka mtoto aote meno?"

Walisema wahenga ngoja ngoja huumiza matumbo, na langu lilikuwa linaumia kwelikweli. Sikulala, sikukaa. Nilifagia ua uliokwisha kufagiwa.

Kilichobaki kilikuwa bamba moja la shaba, jembamba, linalokaa kati ya silinda na kifuniko cha injini ili nguvu isivuje. La zamani lilikuwa limeungua. Mwamba alikata jipya, akalipiga tupa taratibu hadi likakaa sawa. Asubuhi ile aliliweka juu ya babula, jiko letu la makaa, likawa jekundu, akalitumbukiza kwenye beseni la maji. Likatoka jeusi, limepinda kidogo pembeni. Akalilaza juu ya kitambaa.

"Usiguse," akaniambia, akaenda kutafuta petroli. Basi. Neno moja tu.

Mara bunduki zikaanza upande wa uwanja wa ndege. Mtoto akanipiga teke. Nikatazama lile bamba, jeusi kama tako la sufuria. Mimi binti wa mtu wa shaba! Kwetu shaba ilisuguliwa kwa majivu na ndimu mpaka ujione meno. Nikasema moyoni, maskini, ameliunguza. Nikalisugua. Likang'aa. Lakini kule kupinda kulinikera, nikaliweka juu ya jiwe, nikachukua mchi wa kinu, nikaligonga. Ko, ko, ko. Mwanangu, nikwambie kweli? Wiki nzima sikuwa nimepata raha kama ile. Kila bunduki ilipolia, na mimi niligonga. Likanyooka kama sahani mpya.

Mwamba aliporudi alicheka. "Ulilisugua?"

"Nililisugua," nikasema. Mchi sikuutaja.

Alilifunga, akakanyaga kiki, na tukutuku ikalia! Majirani wakapiga vigelegele. Nikapanda nyuma juu ya gunia la sufi, tukapita mashamba ya mihogo pembezoni mwa mji. Kwenye kizuizi askari alitazama tumbo langu, akatupungia mkono tupite, na mimi nikaanza kuimba.

Furaha ile haikufika mbali. Kwenye mwinuko injini ikaanza kupumua ovyo, fsss, fsss, moshi ukitoka pale bamba lilipokaa. Ikachoka. Ikazimika. Na palepale uchungu ukanishika kiunoni, nikaketi chini kwenye vumbi.

Kando ya barabara kulikuwa na tanuri la makala, makaa ya miti, likifuka. Mwenyewe akatoka, mama mzee, panga mkononi, uso mweusi kwa masizi. Aliitwa Nkambo Ngoie; nkambo kwetu ni mzee wa kuheshimiwa. Hakuuliza siasa yetu wala kabila letu. Aliniingiza katika kibanda chake. Mlangoni nilimwona Mwamba akifungua injini, akijipiga paja na kusema, "Nilikosea wapi? Nilikosea wapi?" Hilo liliniuma kuliko uchungu wenyewe.

Nkambo Ngoie akalichukua bamba, akapitisha kidole gumba juu yake.

"Hii shaba nani aliipiga?"

Mwamba akamtazama asielewe. Mimi nikatazama ukuta.

"Mi njo nilipiga, Nkambo," nikasema mwishowe. "Na muchi."

"Sababu gani?"

"Nilikuwa na woga."

Hakucheka. Akaketi. "Mi nilikuwa mutoto, nilibebea makala bazee benye kuyeyusha shaba. Balitufundisha: shaba ukiipiga, inakuwa kichwa nguvu. Haikubali tena kulala na chuma. Ukiitia mu moto, inarudia laini. We uliiona nyeusi, ukazani iko mubaya. Kumbe iko tayari!"

Nikainamisha kichwa. Nilidhani amemaliza, lakini akamgeukia Mwamba.

"Na we, baba, ulimuelezea bibi yako?"

"Nilimwambia asiguse."

"Asiguse! Muntu iko na woga, unamuambia asiguse, na we unaenda? Ungemupatia kazi!"

Alilitia bamba kwenye makaa yake, likaiva likawa jekundu, akalizamisha majini. Mimi nikapiga kelele, "Funga sasa hivi, twende! Mama ananingojea!"

"Acha ipole, ipoe kabisa," akasema Nkambo Ngoie. "Na we pia upole." Akaniwekea ungo wa maharagwe mapajani nichague mawe. Nikachagua. Uchungu ukija nauma kanga, ukipita nachagua. Maharagwe yale yalinishika mikono, na mikono ilipotulia na moyo ulipunguza mbio.

Mwamba alifunga injini, ikalia vizuri, bila kuvuja. Lakini mimi sikuweza tena kusimama. Mara hii pikipiki ndiyo iliyoningojea mimi. Binti yangu alizaliwa alasiri ile, akapokelewa na mikono yenye masizi, na nililia, mwanangu, nililia kwa furaha na kwa mama yangu ambaye hakuwapo.

Kesho yake tulifika Kipushi watatu. Mama akampokea mtoto, akanusa harufu ya makala. "Iko na jina?"

"Ngoie," nikasema.

Mama akamvuta mtoto kifuani. Jina la mtoto lilikuwa liwe lake, na nilijua nimemnyang'anya. Alimbembeleza mtoto muda mrefu. Kisha akasema, "Nitafutieni kuku. Mutanipeleka kwa ule mama, nimushukuru mi mwenyewe." Na alikwenda, yeye na utu uzima wake, nyuma ya tukutuku ile, amekumbatia kuku.

Mtoto yule Ngoie ndiye mama yako aliyekuzaa.

Basi nisikie. Sikuambii usiogope, asiyeogopa hana anachokipenda. Nakuambia usigonge kitu kwa sababu mikono yako ina hofu. Kilichotoka motoni kikiwa cheusi, usiseme kimeharibika; kuuliza si ujinga, muulize aliyekitia motoni. Ukikosa, taja mchi mapema, usimwache mwenzako ajipige paja kwa kosa lako. Na ukimwona mtu wako hatulii, usimwambie "usiguse" ukaenda zako. Mpe ungo, kaa naye.

Haya, leta huo ungo uliopo mlangoni, tuchague maharagwe mimi na wewe. Mungu akupe moto wa kukulainisha, mwanangu, si nyundo ya kukukaidisha. Akupe na maji ya kukupoza, na njiani akuwekee mtu mwenye makaa.