Viazi Vibichi vya Wageni

Mimi ni mtu wa Iringa, na hasira zangu sikuziazima kwa mtu. Nafundisha baiolojia katika shule ya bweni milimani juu ya Mbeya, mahali ambapo viazi mviringo hulimwa mpaka kwenye kingo za barabara, na bado wanafunzi wetu walikuwa wakijifunza kiazi kwa kutazama picha yake kitabuni. Kwa hiyo mkuu wa shule aliponiita kuniambia kwamba wageni kutoka wilayani wanakuja kuona sayansi kwa vitendo, nilijua vitendo hivyo vitadumu asubuhi moja.

Nilichagua utando wa seli. Naupenda, sioni haya kusema. Ni mafuta tu, safu mbili, vichwa vinavyopenda maji vimetazama nje na ndani, mikia inayoyakimbia maji imefichwa katikati. Humo zimepachikwa protini, na baadhi yake ndiyo milango. Maji hupita bila shida, chumvi huulizwa inakwenda wapi. Kwa maana hiyo utando una akili kuliko geti letu, ambako gari la ofisa hupita mlinzi akiwa bado anavaa kofia, na mama aliyemletea mwanawe unga husimama juani hadi saa saba.

Jaribio ni jepesi. Unakata vipande vya kiazi kibichi, sentimita tano kila kimoja. Kimoja unakitia kwenye maji matupu, kingine kwenye maji ya chumvi. Baada ya dakika arobaini cha kwanza kimevuta maji, kimerefuka na kukakamaa. Cha pili kimenyang'anywa maji yake, kimefupika na kulegea. Utando umefanya kazi yake na wewe umeiona kwa rula.

Mkuu akatia chumvi yake. Alitangaza kwamba alama za siku hiyo ndizo zitakazoamua nani wa kidato cha pili aendelee na mkondo wa sayansi na nani ahamie sanaa. Nilimtazama binti mmoja, mtoto wa mchimbaji dhahabu wa Makongolosi. Alitaka uuguzi, na shule nzima ilijua, maana alikwishawafunga bendeji nusu ya bweni, wengine hata kidonda hawana.

Asubuhi hiyo nilikata vipande mwenyewe, nikaviacha jikoni kwenye beseni la maji baridi kwa sababu bomba la maabara lilikuwa limekauka. Nikaenda kubandika mchoro wa utando ukutani. Saa nne wageni wakaketi, beseni likaletwa, vipande vikagawiwa. Nilichukua kimoja niwaonyeshe jinsi ya kupima, kikakatikia kidoleni.

Nilitoka mbio mpaka jikoni. Mpishi wetu, mama wa hapohapo milimani, mtu mwema kupita kiasi, alikuwa anachambua mchele wa Rujewa kwa ajili ya pilau ya wageni.

"Mama, nani amechemsha viazi vyangu?"

"Si nimesikia ni za wageni, mwalimu? Sasa utawapa wageni viazi mbichi kweli? Watatusema mpaka wilayani. Nimezipitisha kwenye moto kidogo tu, hazijaiva sana, halafu nikazipoza."

Ningemwambia nini? Kwao mgeni hawekewi kibichi. Lakini moto ukishapita, protini zimeganda kama ute wa yai na zile safu mbili zimepasuka. Utando umekufa. Chumvi inaingia, maji yanatoka, hakuna anayeuliza. Ningeweza kurudi na kusema hivyo mbele ya wageni, na lingekuwa somo zuri kuliko nililoandaa. Nikasema moyoni, funika kombe mwanaharamu apite, nikarudi nikitabasamu.

Zikapita dakika arobaini. Vipande vikapimwa. Wanafunzi thelathini na nane wakaandika kwamba cha maji matupu kimerefuka na cha chumvi kimefupika, kama kitabu kinavyosema, na wapo walioandika hivyo kabla kiazi hakijalowa. Mgeni mkubwa alipita akitikisa kichwa kwa kuridhika. Akafika kwa binti wa Makongolosi, akasoma, akasoma tena. Alikuwa ameandika kwamba vipande vyote viwili vimebaki na urefu uleule, vyote vimelegea, na kwamba anadhani utando umeharibika.

"Mwalimu, huyu vipi?" mgeni aliuliza.

Mkuu alinitazama. Harufu ya pilau ilikuwa imeshaingia darasani.

"Huyu bado ni mzito kidogo," nikasema.

Darasa likacheka. Nilisahihisha kwa kufuata mwongozo, nikampa sifuri. Wageni walikula wakashiba, wakaandika kwamba shule yetu ni ya mfano. Wiki iliyofuata majina yalibandikwa, la kwake likiwa upande wa sanaa.

Alikuja ofisi ya walimu, akasimama mlangoni.

"Shikamoo, mwalimu. Naomba kujua nilikosea wapi."

Nilikuwa peke yangu, hakukuwa na mkuu wala mgeni wa kunitazama. Nikamwambia kweli yote, ya jikoni na ya moto. Nikasema hakukosea, ni yeye peke yake aliyepata.

Uso wake uling'aa mara moja, akasogea mezani. "Basi rekebisha, mwalimu. Orodha bado haijapelekwa wilayani."

Nikaanza kumweleza kwamba ripoti imeshaandikwa, kwamba mkuu ataaibika, kwamba sanaa nayo ina kazi nzuri. Nilieleza vizuri sana, mimi ni mwalimu. Alisikiliza mpaka mwisho kwa adabu, mikono nyuma, kisha akasema, "Nimeelewa, mwalimu. Asante kwa kunifundisha."

Hakukuwa na kejeli hata chembe katika sauti yake. Alikuwa ameelewa kweli.