Betri ya Baba

Baba yangu alinidharau kwa sababu ya mapigo ya moyo. Nasema mapigo yenyewe, yale ya kuhesabika. Alikuwa mrina asali katika misitu ya Ipole, na kundi lao la wazee watano lilikuwa na desturi moja ambayo hawakuivunja hata siku moja: kabla mtu hajapanda kwenye mzinga, mwenzake humwekea kiganja kifuani. Moyo ukienda mbio, anabaki chini kushika kamba na kufukiza moshi. Moyo ukitulia, anapanda. Waliamini kwamba nyuki hunusa woga, na kwamba mwoga mmoja juu ya mti huwaletea balaa wote walio chini.

Moyo wa baba ulikuwa mtulivu kuliko mioyo ya wenzake wote. Alipovuka miaka sitini ukazidi kupoa, na wenzake wakaona huo ndio ukomavu wa kazi. Wageni wakija nyumbani alikuwa anawapa mkono wake wahesabu mapigo. Wakimaliza kushangaa ananigeukia mimi na kucheka.

Mimi nilipimwa mara moja tu, nikiwa na miaka ishirini. Baba mwenyewe ndiye aliyeniwekea kiganja. Hakusema na mimi, alisema na wenzake: "Huyu ana moyo wa kifaranga." Wakacheka mpaka wakakaa chini. Jina hilo lilinifuata kijiji kizima. Siku ya harusi yangu alilirudia mbele ya wakwe, akidhani anachangamsha watu. Nilihamia Tabora mjini, nikajifunza ufundi wa umeme wa majumbani, nikapanga Isevya, na kwa miaka mingi nikawa nakwenda kumwamkia kwa Krismasi na kwa misiba tu.

Mwaka juzi alikuja kwangu kwa shughuli za mjini. Asubuhi, akiwa ameinama kufunga kiatu, akaanguka kifudifudi. Alizinduka baada ya muda mfupi na kusema ni njaa. Nilipombana akakiri kwamba imeshamtokea mara tatu msituni, na wenzake walimwacha alale kivulini, wakidhani mzee anapumzika. Nikampeleka hospitali bila kumsikiliza.

Daktari alikuwa binti mdogo, mpole, aliyemwamkia baba kwa heshima zote. Alimbandika nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi ndefu yenye mistari. Akakaa akatueleza. Moyo, alisema, hausubiri kuambiwa na ubongo upige. Una umeme wake. Juu kabisa, upande wa kulia, kuna sehemu ndogo inayotoa cheche yenyewe, na kila cheche inavifanya vyumba viwili vya juu vibane. Umeme ukishuka unafika katikati, hapo unacheleweshwa kidogo ili vyumba vya chini vijae damu, kisha unapita kwenye njia zake hadi chini, navyo vinabana kwa nguvu. Hilo ndilo pigo tunaloligusa mkononi.

"Kwa mzee, pale katikati pamekatika," alisema. "Juu panatoa amri vizuri, chini haifiki. Vyumba vya chini vimeamua kujipigia vyenyewe, taratibu, thelathini na nne kwa dakika. Siku vikichoka hata kidogo, damu haifiki kichwani, anaanguka."

Nilielewa kila neno. Nikamuuliza, na nakiri nilijua ninachokitafuta, kama ni dalili mbaya moyo wa mtu kwenda mbio akiogopa. Akacheka. Akasema huo ndio uzima wenyewe, mwili unaiharakisha ile sehemu ya juu ili mtu aweze kukimbia au kupigana. "Wa mzee hauwezi kuharakishwa hata chui akiingia humu ndani."

Roho yangu ilisuuzika. Sijawahi kuambiwa jambo tamu kama lile, na baba alikuwa amekaa pembeni yangu amevaa shati kifungo wazi.

Dawa yake ilikuwa betri ya kupandikizwa chini ya ngozi ya kifua, na waya wa kuingia moyoni, ili itoe cheche pale za kwake zisipofika. Ingebidi twende Dar es Salaam, na nafasi ingepatikana baada ya wiki mbili. Mpaka hapo asipande hata ngazi. Baba alimuuliza tu kama inauma. Akaambiwa kidogo. Akasema, "Basi tutakwenda." Alikuwa amekubali. Ningemrudisha Ipole kimya kimya, tukasubiri siku zetu, leo angekuwa anatembea.

Nilimrudisha Ipole, na Jumapili, baada ya ibada, wenzake wanne walikuja kumjulia hali. Walikaa uani kwenye vigoda, wakanywa uji, mmoja akaanza kumsifu kwamba hata ugonjwa umemkuta na moyo uleule wa baridi. Nikaingia ndani nikaitoa ile karatasi. Nikawatolea uvivu. Nikawaonyesha mstari kwa mstari, nikachora moyo mchangani kwa kijiti, nikachora njia ya umeme na mahali ilipokatika. Nikasema ule haukuwa ushujaa hata siku moja, ulikuwa waya mbovu. Nikasema wale waliobakizwa chini ndio waliokuwa wazima. Nilisema hayo yote mbele yake, kwa sauti ya kistaarabu, kama mtu anayefundisha.

Kisha mkubwa wao akasema, "Kumbe miaka yote tulikuwa tunamtanguliza mgonjwa." Mwingine akacheka, na wengine wakamfuata, si kwa ubaya, ni kile kicheko cha watu waliozoeana. Mimi nilicheka kuliko wote. Baba alikuwa anatazama mchoro wangu mchangani. Aliomba aongezewe uji, hakuunywa.

Nilirudi mjini Jumatatu. Jumatano asubuhi alichukua kamba yake, akamwambia mama anakwenda kuangalia mzinga mmoja wa karibu. Hakumwita mwenzake yeyote. Alipanda mninga, na kwa jinsi kamba ilivyokutwa, alikuwa ameshaufikia mzinga. Hatujui moyo ulisimama kwa muda gani. Ulirudi kupiga wenyewe akiwa ameshafika chini na mgongo umevunjika. Mkubwa wa wale wazee ndiye aliyemkuta, baada ya mama kutuma watu. Alinipigia simu akaniambia habari nzima, kisha akasema, "Tungemkataza, lakini hakutupitia." Akakata simu.

Dar walimwekea betri yake. Mgongo walisema hauna la kufanyiwa. Kuanzia kiunoni kushuka hana habari ya mwili wake. Yuko kwangu Isevya, kwenye chumba cha mbele. Mama amekwishamchoka, hasemi, ila naona. Kazi ya kumgeuza ubavu, kumsafisha na kumlisha ni yangu na mke wangu. Kifuani ana uvimbe mdogo wa mraba, na moyo wake unapiga sitini kwa dakika, usiku na mchana, hauzidi kupoa tena.

Juzi baada ya chai ya asubuhi nilikuwa nampaka mafuta mgongoni, pale ngozi ilipoanza kuchubuka. Akaniuliza betri ile inadumu miaka mingapi. Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kusema ajuaye ni Mungu, naye kwa imani yake angepokea. Nikamwambia kama kumi hivi, na ikiisha wanabadilisha.

Akauliza tena:

"Haizimwi?"

"Haizimwi, baba."

"Muulize yule daktari. Muulize vizuri, mwanangu."

Nikamwambia nitamuuliza. Sijamuuliza na sitamuuliza. Mke wangu anaamini ni kwa sababu nampenda, na huenda ni kweli, nimemlilia mara nyingi nikiwa peke yangu kazini. Lakini asubuhi ile nilimgeuza chali, nikamshika kifundo cha mkono, nikahesabu. Mapigo yalitimia sitini kamili, hata moja halikupungua. Nikaridhika kabisa, na nilipoinua macho nikakuta ananitazama usoni.